Diderot: Mwana wa Mfua Visu Aliyeificha Kweli Mezani

Wahenga walisema kwamba msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Leo, ndugu msomaji, nataka kukusimulia habari za mtu aliyesema kweli akafungwa, akaahidi kunyamaza ili afunguliwe, kisha kwa miaka 35 iliyobaki akaendelea kuandika mambo mazito na kuyatia ndani ya mtoto wa meza yake. Mtu huyo ni Denis Diderot, mwanafalsafa wa Ufaransa wa karne ya 18, zama ambazo wanahistoria huziita Zama za Mwangaza.

Wenzake Voltaire na Rousseau wanatajwa zaidi shuleni. Diderot hutajwa kwa ufupi tu, kama mtu aliyesimamia kamusi kubwa. Mimi nami kwa muda mrefu sikumjali. Nilipopata kusoma kwamba vitabu vyake vilivyo bora havikupigwa chapa mpaka alipokuwa kaburini, nilimwona mwoga. Juzi nimeyarudia maisha yake, na nimeona kwamba hukumu yangu ilikuwa ya haraka mno. Tena nina sababu yangu ya kumpima kwa makini, kwa kuwa mimi pia ni mwandishi, na mtoto wa meza yangu hakosi karatasi ambazo sijathubutu kumpelekea mhariri.

KATIKA KARAKANA YA BABA

Diderot alizaliwa tarehe 5 Oktoba, 1713 katika mji wa Langres, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Didier, alikuwa mfua visu, fundi mwenye sifa, hasa kwa visu vya madaktari wa upasuaji. Mtoto alikua akisikia nyundo na kuona jinsi chuma kinavyotiwa makali. Kumbuka jambo hili, msomaji, maana litatufaa mbele.

Jamaa zake walimtaka awe kasisi. Alisoma kwa mapadri wa Kijesuiti, na alipokuwa na umri wa miaka 12 alinyolewa utosini, ikiwa ni alama ya kijana anayeandaliwa kwa kazi ya Kanisa. Lakini alikwenda Paris, akapata shahada mwaka wa 1732, kisha akakataa ukasisi, akakataa uanasheria, akakataa na utabibu. Baba yake alipoona kwamba kijana hataki kazi yoyote ya kueleweka, alimkatia fedha.

Hapo ikaanza miaka kama kumi ya dhiki. Diderot alifundisha hesabu, akatafsiri vitabu vya Kiingereza, hata akawaandikia wengine mahubiri kwa malipo. Binti yake alisimulia baadaye kwamba Jumanne moja ya mkesha wa Kwaresima, siku ambayo watu wote hula na kushiba, kijana huyo alirudi chumbani akiwa hajatia kitu kinywani, akazirai. Mama mwenye nyumba alimpa mkate uliokaushwa na divai kidogo. Usiku huo aliapa kwamba, akipata, hatamnyima maskini. Wanaomfahamu wanasema alikitimiza kiapo hicho, na ndiyo maana mlango wake haukukosa wadaiwa na watu wa kila namna.

Mwaka wa 1743 alitaka kumwoa Antoinette Champion, binti aliyekuwa akiuza vitambaa na mama yake. Baba alikasirika, akamtia mwanawe katika nyumba ya watawa ili azinduke. Kijana alitoroka dirishani, akarudi Paris, na mwezi wa Novemba wakafunga ndoa kwa siri usiku wa manane. Ndoa yenyewe haikuwa ya raha. Bibi huyo alikuwa mcha Mungu asiyependa vitabu vya mumewe, na mumewe hakuwa mwaminifu kwake. Simfichi Diderot makosa yake.

SWALI LA KIPOFU

Mwaka wa 1746 kitabu chake cha kwanza cha falsafa kiliamriwa na mahakama kuu ya Paris kichomwe moto. Hakukoma. Mwaka wa 1749 alitoa kijitabu kuhusu vipofu, na hicho ndicho kilichomponza.

Kwa juu juu kilikuwa kitabu cha upole. Diderot alikwenda kumtembelea kipofu mmoja wa mji wa Puiseaux, akamwuliza maswali mengi. Alipomwuliza kama angependa kupata macho, kipofu alimjibu kwamba afadhali angepewa mikono mirefu, kwa kuwa mikono yake ingempasha habari za mwezi kuliko macho ya watu pamoja na darubini zao. Jibu hili lilimshangaza Diderot, nami limenishangaza. Sisi tunaoona hudhani kwamba kipofu anaishi katika upungufu, kumbe ana dunia yake iliyokamilika, na ana njia zake za kuijua.

Kutokana na hapo Diderot alipiga hatua ya hatari. Ikiwa maarifa yetu yote huingia kwa kuona, kusikia, kugusa, kunusa na kuonja, basi mtu mwenye viungo tofauti atakuwa na fikira tofauti, hata juu ya mema na mabaya, hata juu ya Mungu. Wahubiri wa wakati ule walikuwa wakimthibitisha Muumba kwa kuonyesha uzuri wa mbingu na nchi. Je, uthibitisho huo una nguvu gani kwa mtu asiyeona? Diderot alilitia swali hili kinywani mwa Nicholas Saunderson, kipofu aliyekuwa profesa wa hesabu katika chuo kikuu cha Cambridge, akamchora akibishana na mchungaji saa ya kufa. Mabishano hayo aliyabuni mwenyewe.

Si lazima mimi au wewe tukubaliane naye katika jambo hilo. Lakini ni swali la haki, na jibu lililotolewa na serikali lilikuwa jela.

AHADI YA VINCENNES

Asubuhi ya tarehe 24 Julai, 1749 askari walifika kwake na hati ya mfalme. Walimpeleka katika ngome ya Vincennes, nje ya Paris, bila kesi. Mwanzoni alikana kabisa kwamba yeye ndiye mwandishi. Siku zilipopita mnarani, akiwa peke yake, moyo ulilegea. Mwezi wa Agosti alikiri, akaahidi kwamba hatatoa tena maandishi ya namna ile. Baada ya hapo alipewa nafuu, akaruhusiwa kutembea uani na kuwapokea wageni. Rafiki yake Rousseau alikuwa akienda kwa miguu kutoka Paris kumwona, kabla wawili hao hawajagombana milele. Tarehe 3 Novemba aliachiliwa.

Hapa ndipo nilipokuwa nikimhukumu. Nilijiambia kwamba shujaa hatoi ahadi kama ile. Lakini ni rahisi kwangu kusema hivyo nikiwa nimeketi kitini na kikombe cha chai mkononi. Nje alikuwa na mke, na alikuwa na kazi aliyokwisha kuianza ambayo watu wengi walikuwa wakiitegemea. Wachapishaji wake ndio waliokuwa wakiandika barua za kumwombea, kwa sababu bila yeye mtaji wao ungepotea.

KAMUSI YA MAFUNDI

Kazi yenyewe ilikuwa kamusi elezo. Mchapishaji Le Breton na wenzake walitaka tu kuitafsiri kamusi ya Mwingereza Ephraim Chambers, iliyotolewa London mwaka wa 1728 katika juzuu mbili. Mwaka wa 1747 walimpa Diderot usimamizi, pamoja na bingwa wa hesabu, d'Alembert. Diderot aliipanua hata ikawa jambo jingine kabisa. Alitaka kukusanya maarifa yote ya wanadamu mahali pamoja, ili vizazi vijavyo visianze upya. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1751. Ilipokamilika mwaka wa 1772 ilikuwa na juzuu 17 za maandishi na 11 za michoro, na makala kama 72,000.

Linalonivutia zaidi ni mahali alipoyatafuta maarifa hayo. Wasomi wa zamani walidhani elimu imo katika vitabu vya Kilatini. Mwana wa mfua visu alijua kwamba imo pia mikononi mwa fundi. Aliingia katika karakana za Paris, akawauliza mafundi, akaandika majina ya vyombo vyao, na mara nyingine akafanya kazi mwenyewe ili aielewe. Makala ya mtambo wa kufumia soksi aliiandika yeye, akieleza chombo kimoja kimoja. Wachoraji walichora jinsi pini inavyotengenezwa, jinsi kioo kinavyopulizwa, jinsi kisu kinavyofuliwa. Alilalamika kwamba watu husifu wale wanaotufanya tuamini kuwa tuna raha, huku wakiwadharau wale ambao kwa kazi ya mikono wanatupatia raha yenyewe.

Msomaji atauliza, kuna hatari gani katika soksi na pini? Hatari ilikuwa kwamba kamusi ilimzoeza mtu kuuliza kila jambo linatendwaje na kwa sababu gani. Aliyekwisha kuuliza hivyo juu ya soksi atauliza hivyo hivyo juu ya kodi, juu ya askofu na juu ya mfalme. Katika juzuu ile ya kwanza Diderot aliandika makala juu ya mamlaka, akaeleza kwamba hakuna mtu aliyepewa na maumbile haki ya kuwaamuru wenzake. Mamlaka hutokana na nguvu au na ridhaa, na yale ya nguvu hudumu maadamu mwenye nguvu hajapata wa kumshinda. Fikiri maneno hayo katika nchi ambayo mfalme alisema amewekwa na Mungu.

Mwaka wa 1752 serikali ilizipiga marufuku juzuu mbili za kwanza. Mwaka wa 1759 kibali chote kilifutwa, na Papa Clement wa Kumi na Tatu akaikataza kamusi. D'Alembert alikuwa amekwisha kujitoa. Rousseau alikuwa amekwisha kuwa adui. Hapo methali yetu ilitimia. Lakini si wote waliokimbia. Malesherbes, aliyekuwa mkuu wa serikali wa ukaguzi wa vitabu, ndiye huyo huyo aliyezificha karatasi za Diderot nyumbani kwake ili askari wake mwenyewe wasizipate. Na muungwana mmoja aliyeitwa Jaucourt aliandika makala kama 17,000, hata akauza nyumba ili awalipe makarani wake. Ni Jaucourt aliyeandika humo makala ya kulaani biashara ya watumwa, akisema kwamba hakuna mtu anayeweza kununuliwa kihalali.

Diderot aliombwa ahamie nje. Mwaka wa 1762 Malkia Catherine wa Pili wa Urusi alijitolea kamusi ipigwe chapa nchini mwake. Alikataa, akabaki Paris akifanya kazi kwa siri, madirisha yamefungwa.

Pigo lililomwuma kupita yote halikutoka kwa mfalme. Mwaka wa 1764, alipokuwa akitafuta jambo katika makala fulani iliyokwisha kupigwa chapa, aliona kwamba sehemu hazipo. Akatazama nyingine, nazo vilevile. Kumbe Le Breton, mchapishaji wake, kila alipokwisha kupokea masahihisho ya mwisho alikuwa akikata kwa siri maneno yote makali na kuziharibu karatasi za asili. Aliogopa kufungwa. Diderot alilia kwa hasira, akataka kuacha. Kisha akamaliza kazi. Juzuu kumi za mwisho zilitoka mwaka uliofuata zikiwa na jina la mji wa kigeni, ili kuwapa wakubwa kisingizio cha kutoona.

NDANI YA MTOTO WA MEZA

Basi mchana Diderot alikuwa mhariri wa kamusi. Usiku aliandika yale ambayo asingeweza kuyatoa. Aliandika habari za msichana aliyelazimishwa kuwa mtawa, naye alikuwa na dada yake mwenyewe aliyefia utawani akiwa amerukwa na akili. Aliandika mabishano yake na mpwa wa mwanamuziki Rameau, mtu mwenye kipaji lakini asiye na haya, anayekula kwa kuwasifu matajiri. Ajabu ni kwamba Diderot hakujipa ushindi. Kila akimaliza hoja ya wema, yule fidhuli humjibu kwa kumwonyesha jinsi dunia inavyowatuza wanafiki. Ukikifunga kitabu hujui nani ameshinda, ila unajua kwamba umejiona mwenyewe mahali fulani.

Mwaka wa 1769 aliandika mazungumzo ambamo d'Alembert anaota ndoto. Humo alisema kwamba mtu ni kama kinanda chenye hisia na kumbukumbu, na kwamba hakuna roho iliyojitenga na mwili. Wenye majina yaliyotumika walikasirika, ikatakiwa maandishi yaharibiwe. Nakala ikasalia.

Juu ya uhuru alikuwa na mawazo magumu. Aliona kwamba kila tendo letu lina chanzo chake katika mwili, malezi na mambo yaliyotangulia, hivyo hiari ile tunayojisifia si kitu. Lakini hakusema basi tukae kitako. Mtu anaweza kubadilishwa. Kwa hiyo sheria njema, elimu na mfano mwema vina kazi kubwa kuliko lawama. Helvétius alipodai kwamba malezi peke yake hufanya kila kitu, Diderot alimpinga, akisema watoto huzaliwa na tofauti zao, na mwalimu hawezi kumfanya kila mmoja kuwa chochote atakacho. Mtu aliyekulia karakanani alijua kwamba chuma hakilingani na chuma.

MALKIA NA MASKINI

Alipotaka kumwoza binti yake Angélique, mtoto pekee aliyebaki hai kati ya wanne, Diderot hakuwa na mali isipokuwa vitabu. Mwaka wa 1765 Malkia Catherine alivinunua kwa livre 15,000, akamwachia avitumie mpaka kufa, tena akamlipa mshahara wa kuvitunza. Mwaka wa 1773, akiwa na umri wa miaka 60, alifunga safari hadi St Petersburg kumshukuru. Waliongea mara nyingi. Inasemekana alikuwa akimpigapiga malkia paja kwa shauku ya maneno, hata malkia akaweka meza katikati.

Alimshauri juu ya shule, sheria na wakulima waliofungwa katika ardhi za mabwana. Malkia alisikiliza kwa furaha, asitende. Alieleza baadaye kwamba mwanafalsafa huandika juu ya karatasi, ambayo huvumilia kila kitu, na yeye huandika juu ya ngozi za wanadamu. Diderot naye aliporudi aliandika kwamba hakuna mtawala wa kweli isipokuwa taifa lenyewe. Maandishi hayo nayo yakaingia ndani ya mtoto wa meza. Catherine aliyapata baada ya mwenyewe kufa, akaghadhibika.

Kuna maandishi mengine ambayo mwana wa Afrika hana budi kuyajua. Padri Raynal alitoa kitabu kikubwa juu ya biashara na makoloni ya Wazungu, na Diderot alimwandikia sehemu nyingi bila kutia jina lake. Katika chapa ya mwaka wa 1780 aliwageukia Wakhoikhoi wa Rasi ya Tumaini Jema, ambako Waholanzi walikuwa wamekaa tangu 1652. Aliwaonya wawakimbie wageni hao, kwa kuwa wanakuja na uso wa wema na nia ya kunyang'anya. Kama hawawezi kukimbia, basi watwae mishale yao ya sumu. Mzungu wa karne ya 18 kuandika hivyo si jambo dogo. Mwaka wa 1781 kitabu kilichomwa, na Raynal akakimbilia ugenini. Diderot alikaa kimya nyumbani. Mwenzake alibeba mzigo wa wote wawili.

JE, ALIKUWA MWOGA?

Alikufa tarehe 31 Julai, 1784, akiwa mezani. Alikuwa amekula aprikoti, mkewe akamkemea, naye akapuuza. Punde mkewe alimwuliza jambo, asijibiwe. Alikuwa ameagiza mwili wake upasuliwe, kwa kuwa aliona ni faida kwa walio hai kuwachunguza waliokufa. Ikafanyika hivyo. Mwana wa mfua visu vya wapasuaji alitoa maarifa hata kwa maiti yake. Alizikwa katika kanisa la Saint-Roch, na leo mifupa yake haijulikani ilipo.

Maandishi yalipona kwa bahati. Yale ya mpwa wa Rameau yalisomwa kwanza kwa Kijerumani, Goethe alipoyatafsiri mwaka wa 1805. Wafaransa walipewa kitabu cha mtu wao mwaka wa 1821, kikiwa kimetafsiriwa tena kutoka Kijerumani. Karatasi zenyewe, kwa mkono wa Diderot, zilipatikana mwaka wa 1891 katika kibanda cha vitabu vikuukuu kando ya mto Seine. Ndoto ya d'Alembert ilitoka mwaka wa 1830.

Basi nimeamua nini? Mwoga hakai miaka 25 akijenga kamusi ambayo kila ukurasa wake ungeweza kumrudisha Vincennes. Nimelifuta neno hilo. Lakini sitamfanya kisingizio. Kweli yake ilitegemea binti mwaminifu, karani wa Urusi, na mtu aliyepita karibu na kibanda siku ile. Ingekosekana mmoja, tusingeipata. Msichana aliyekuwa akilia utawani mwaka wa 1760 hakukisoma kitabu kilichomtetea, kwa kuwa kilitolewa mwaka wa 1796. Kweli iliyofichwa inaweza kuwafaa wajukuu. Wenye kuumwa leo haiwafai.

Pengine kila mtu anayeshika kalamu ana mambo ya aina mbili, yanayoweza kungoja na yasiyoweza. Diderot alijua kuyatenga kwa sehemu kubwa, na mara nyingine alikosea. Nami nimeketi kuzipanga upya karatasi zangu. Moja nimeitoa, nimempelekea mhariri. Akiikata, nitajua, Diderot hakujua mpaka kamusi ilipokuwa imekwisha kupigwa chapa.